Kiti cha Mbele

Swali la kwanza nililoulizwa baada ya kufiwa na mume wangu nililijibu vibaya, na jibu hilo nikalibeba miaka mitatu.

Nilikuwa nimelazwa wodi ya wanawake hapa Isiolo, mguu wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye paja, kichwa kimenyolewa upande mmoja ili nishonwe. Asubuhi ile nesi alikuwa ameniambia yote kwa mkupuo, maana nilimtukana mpaka akachoka kunificha. Lori lilipasuka gurudumu kabla ya jua kutua, likapinduka. Wote waliokuwa wamekaa juu walikufa pamoja na mbuzi. "Mliookoka ni nyinyi watatu tu mliokuwa ndani," akasema. "Wewe, dereva, na yule mzee mgonjwa."

Mume wangu alikuwa juu.

Haikupita saa moja wakaingia mama wawili wa kanisa, vitambaa vyeupe kichwani, thamosi ya uji mkononi. Mmoja akanimiminia kikombe, akainama karibu na sikio langu, akaniuliza kwa upole, "Dada, umeokoka?"

Neno hilo nilikuwa nalijua. Nani Kenya hii halijui? Utaulizwa sokoni, utaulizwa matangani, hata kwenye foleni ya maji: umempokea Yesu, au bado uko na dunia? Lakini siku ile kichwani mwangu kulikuwa na maana moja tu, ile ya nesi. Nikajibu, "Ndiyo. Tumeokoka watatu."

"Haleluya!" wakapiga makofi. "Watatu! Bwana asifiwe!"

Niliwarushia kikombe, uji na vyote. Niliwaita wachawi. Watu wamekufa, nikawaambia, na nyinyi mnapiga makofi? Wao wakadhani ni maumivu ya mguu. Wakafuta uji kwa leso, wakaniombea, wakaenda zao, na kesho yake wakarudi na thamosi nyingine kana kwamba hapakutokea kitu. Ndivyo nilivyoingia kanisani mimi. Sikuhubiriwa na mtu, nilisikika vibaya tu.

Sasa nieleze habari ya kiti, maana bila kiti hakuna kitu kingine cha kueleza.

Sisi tulikuwa watu wa miraa. Mume wangu aliipokea alfajiri ikishuka kutoka milimani kwetu Meru, mimi naifunga upya, kisha tunaikimbiza Garbatulla kwa gari lolote litakalopatikana, kwa sababu miraa ikilala inakauka, haina mnunuzi. Siku ile tulimaliza kuuza mapema. Gari la kurudi lilikuwa moja, lori la mbuzi linaloelekea soko la Isiolo. Haya malori ya mifugo yana vyuma vimepita juu. Mbuzi husimama chini, watu hukaa kwenye vyuma, miguu inaning'inia. Ndani, kando ya dereva, palikuwa na nafasi ya watu wawili, na mzee mgonjwa alishakaa. Kilibaki kiti kimoja.

Dereva alikuwa mtu mzima, wa zile familia za Kiislamu za hapa mjini ambazo babu zao walikuwa askari wa mkoloni. Alimwona mume wangu anatetemeka. Alikuwa na homa siku ya pili, midomo imekauka. Dereva akasema, "Huyu akae ndani."

Na mimi nilikuwa nimesukwa jana yake. Tulikuwa na harusi Jumamosi, nikakaa kwenye kigoda kutwa nzima nisukwe nywele ndefu za kufika mgongoni. Nikafikiria vumbi la barabara ile, na mavi ya mbuzi, na harufu. Hasira ikanipanda.

"Kwani wewe ni mwanaume wa aina gani?" nikamwambia, mbele ya wapakiaji. "Ukae kwenye kiti kama bibi harusi, bibi yako aning'inie juu ya mbuzi?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka yaishe. Akavua sweta, akajifunga nayo kichwani, akapanda. Nilisikia miguu yake ikipita kwenye bati juu ya kichwa changu, ikitafuta mahali. Hatukusemezana tena.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, akaanguka mwingine. Na zile nywele, hospitalini walizikata kwa mkasi, wakazitia kwenye ndoo pamoja na pamba zenye damu.

Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nilipotolewa hospitalini nilidhani nitaoza peke yangu katika nyumba yetu ya Burat, kule karibu na kambi ya jeshi. Lakini nilimkuta mama mkwe mlangoni. Alikuwa ameshuka kutoka milimani na jembe lake na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa amezika mume, amezika watoto watatu, na huyu wangu alikuwa wa nne. Alibakiwa na binti mmoja aliyeolewa huko juu, na angeweza kukaa kwa huyo binti kwa raha zake. Akaja kwangu.

Aliniogesha. Alinipeleka choo akinishika kiunoni, yeye mwembamba kama ufagio, mimi mzito na mguu wa plasta. Aliniita mwari. Kwa Kimeru mwari ni binti wa kumzaa, na hakuwahi kuniita hivyo mwanawe alipokuwa hai. Zamani hizo alikuwa akiniita "huyo."

Siku moja ananisugua mgongo, akauliza, "Alikuwa amekaa wapi?"

"Juu."

"Na wewe?"

"Ndani."

Kitambaa kikasimama mgongoni. "Kwa nini?"

Nitasema ukweli: niliogopa. Niliogopa kwamba atakitupa kile kitambaa ndani ya beseni na kwenda zake, na mimi siwezi hata kufika choo. Nikasema, "Alinipa kiti chake."

"Alisemaje?"

Maneno yakaja yenyewe. "Alisema, 'Kaa wewe. Mimi nitapanda.'"

Alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia huku ananimwagia maji, maji ya moto na machozi yanashuka pamoja mgongoni kwangu. Nami nikajiambia, si vibaya, nimempa mama huyu kitu cha kushika. Aki, moyo wa mtu ni wakili mzuri!

Wale mama wa kanisa hawakuniacha. Walileta uji, walileta unga, wakanishonea kitambaa cheupe. Nilipoweza kutembea kwa gongo nikaenda kanisani kwao, kanisa la mabati lenye joto la kuoka mkate, na mama mkwe akanisindikiza kunishikia gongo. Yeye hakuwa mtu wa kanisa. "Mungu akiniona barabarani anavuka upande wa pili," alikuwa akisema. Alikaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Ukifika wakati wa ushuhuda huwezi kujificha. Wakanisukuma mbele. Nikasema kama wanavyosema wote, "Bwana Yesu asifiwe! Nimeokoka, nampenda Bwana," kisha nikasimulia lori, na homa, na kiti. "Akaniambia, kaa wewe, mimi nitapanda." Kanisa zima likalia. Mchungaji akasimama, akauliza waumini, mnaona? Hivyo ndivyo Yesu alivyofanya! Alikuwa na kiti, akakiacha, akapanda msalabani ili wewe ukae!

Basi nikawa mtu wa ushuhuda. Nikaitwa kwenye semina, kwenye ibada za kina mama, kwenye mkutano wa injili uwanjani na vipaza sauti. Nilijua mahali pa kunyamaza, nilijua mahali pa kupandisha sauti. Niliuza ushuhuda ule kama tulivyokuwa tukiuza miraa siku mbaya: iliyokauka unaificha katikati ya kitita, mbichi unaipanga nje. Watu waliokoka kwa maneno yangu, kweli kabisa. Nikirudi nyumbani nilikuwa mkavu. Niliomba kwa sauti kubwa ili nisisikie miguu ile kwenye bati.

Na kila mara nilipofika pale kwenye maneno ya mume wangu, nilimwona mama mkwe kule nyuma, midomo yake inatembea pamoja nami. Alikuwa ameyashika kwa moyo.

Mwaka wa tatu mvua ilikataa. Mfereji wa shamba letu ukakauka, sukuma wiki zikawa vijiti, na wafugaji kutoka Biliqo na huko Merti wakapita mjini na ng'ombe wanaohesabika mbavu. Mama mkwe alizoea kukaa kizingitini akitazama vumbi. Siku moja akasema tu, hata hakunigeukia, "Nataka kuokoka."

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Nimefikiria sana, mwari. Mtoto wangu alikuwa na homa, akatoa kiti. Mimi sikumfundisha hivyo. Mimi nilimfundisha kunyang'anya, tulikuwa maskini. Kwa hiyo yuko aliyemfundisha, na huyo aliyemfundisha hawezi kuwa adui yangu." Akapangusa vumbi magotini. "Na yule dereva, umwambie aje siku ya ubatizo. Naye alisikia maneno ya mwisho ya mwanangu. Nataka anisimulie na yeye."

Nilimwambia ndiyo mama, nitamwambia.

Dereva hakuwa anaendesha tena. Mkono wake wa kushoto haukupona vizuri, akawa anauza majani ya mifugo karibu na soko la mbuzi. Nilimkuta adhuhuri anafunga matita. "Salaam aleikum," nikamwamkia. Akaitikia, akanipa kigoda, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia. Hakuniuliza nimefuata nini mpaka nikanywa.

Nikamwambia. Nikamwomba akiulizwa aseme vile ninavyosema mimi.

Alikuna ndevu zake muda mrefu. "Mama, mimi miaka yote hii sijamwambia mtu. Maneno ya safari hubaki safarini. Mama mkwe wako akija kuniuliza, naweza kunyamaza. Lakini kumwambia mama wa marehemu jambo ambalo marehemu hakusema, hapana. Hilo usiniombe." Kisha akasema, polepole, "Wewe unalala na kiti. Mimi nalala na usukani. Lile gurudumu nililiona asubuhi kwamba limeisha, nikasema litafika. Kila mtu na lake."

Nilirudi Burat kwa miguu, na gongo langu, njia nzima kwenye jua. Miaka hiyo yote nilikuwa nimeomba mbele za watu, au kwa kelele. Njiani hapo hapakuwa na mtu wa kunisikia, na nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, sauti niliyokuwa natumia kugombana na wateja, "Mungu, ni mimi nilimpandisha. Unajua ni mimi." Sikusikia jibu. Sikuona mwanga. Lakini ilikuwa sala yangu ya kwanza, na nilijua hivyo pale pale, na nikaogopa, kwa sababu niliona wazi kinachofuata.

Mama mkwe alikuwa kizingitini anapinda kanzu nyeupe ya ubatizo kwa sindano. Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kila kitu, maneno niliyosema, wapakiaji walivyocheka, sweta kichwani.

Sindano haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Nywele?" akauliza.

"Nywele, mama."

"Na yale maneno?"

"Niliyatunga."

Akakata uzi kwa meno. Akaikunja kanzu vizuri, mara nne, akaiweka magotini. "Miaka mitatu nimekula maneno hayo," akasema. "Nikiamka nayala. Nikilala nayala. Kumbe ni mate yako." Akaniangalia. Nilitamani anipige, angenipiga ningeshukuru. "Ondoka machoni pangu, wewe."

Asubuhi alipanda gari la milimani na jembe lake. Kanzu aliiacha juu ya kitanda.

Jumapili nikasimama kanisani tena. Niliposema "nimeokoka" watu wakaitikia kama kawaida, kisha nikasema mengine, na hakuna aliyeitikia tena. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto, hicho tu ndicho kilichosikika. Baada ya ibada mchungaji akanivuta kando, mtu mwema, amechanganyikiwa. "Dada, ushuhuda ule ulikuwa unaleta watu," akasema. Nikamwambia najua, ndio maana ulikuwa unaniua. Kina mama wengi wakaanza kunisalimia kwa mbali. Wale wawili wa uji walikuja nyumbani, wakakaa, wakanifulia nguo.

Nisidanganye tena: siku zile zilikuwa mbaya kuliko zile za plasta. Asiye na mwana aeleke jiwe, wanasema; mimi hata jiwe sikuwa nalo. Nilikuwa na Mungu mmoja tu, naye hakuwa ananipigia makofi. Nilikuwa nakaa naye tu jikoni, nimenyamaza, naye amenyamaza. Lakini hakuondoka. Sijui niseme vipi vingine. Kila mtu alikuwa na sababu ya kuondoka na walio wengi waliondoka, na yeye, aliyekuwa anajua habari ya nywele tangu siku ya kwanza, alikuwa bado yuko pale. Ni hapo nilipoamini. Nilikuwa nimehubiri miaka mitatu na sikuwa nimeamini.

Nikaanza kwenda hospitalini. Hakuna aliyenituma. Kila Jumanne na Ijumaa natengeneza uji, napanda bodaboda na thamosi mapajani, naingia wodi ile ile. Barabara zetu haziachi wodi ile ikose watu. Siulizi mtu kama ameokoka. Nauliza, "Umekula?" Kisha nakaa. Mwanamke mmoja wa Kiborana alinirushia kikombe, kama mimi siku ile, uji na vyote, ila yeye alitukana kwa Kiborana. Nikafuta uji, na Ijumaa nikarudi. Wako wanaosema kwa kunong'ona, "Mimi ndiye niliyesisitiza twende siku hiyo," "Mimi ndiye niliyemwambia ashike mtoto." Siwapi dawa. Nawaambia, "Na mimi." Wengine hulia, wengine hugeukia ukutani.

Baada ya miezi mitano mama mkwe akarudi.

Nilimkuta kwenye shamba, analima ardhi kavu, vumbi mpaka magotini. Mvua ilikuwa bado. "Mama," nikamwambia. Hakuinua kichwa. Aliingia ndani, akapika, akaniwekea sahani yangu, akala yake akiwa amenipa mgongo. Tuliishi hivyo majuma mengi. "Wewe, leta chumvi." "Wewe, funga mlango." Ile mwari hakuitamka, na mimi sikuthubutu kuidai. Mvua iliponyesha tukapanda maharagwe, yeye mstari huu, mimi ule.

Kisha Jumamosi moja akauliza kanisa linabatiza lini. Nikamwambia kesho, kule mtoni. Akaniuliza kanzu iko wapi. Nikamwonyesha. Akamalizia upindo uliobaki, hata shauri hakuniomba, na sikumuuliza anaokoka kwa sababu gani sasa, kwa kuwa ile sababu ya kwanza niliiua mimi.

Asubuhi pikapu ya muumini mmoja ikatusubiri nje ya kanisa. Nyuma wamejaa waimbaji na wanaobatizwa, wamesimama, wameshikana. Mbele kuna kiti kimoja, kando ya dereva. Mchungaji akafungua mlango, akasema kwa heshima, "Mama mzee akae ndani."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na gongo langu. Mguu wangu ulikuwa umevimba tangu mvua zianze. Yeye alikiangalia kile kiti. Alikiangalia muda mrefu mpaka waimbaji wakanyamaza. Halafu akanigeukia, mara ya kwanza katika miezi yote ile akanitazama usoni.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nitapanda."

"Mama, siwezi. Hicho siwezi."

"Kaa, mwari. Nimesema."

Nikakaa. Dereva akanifungia mlango. Nyuma yangu nikasikia watu wakimvuta juu, pole mama, shika hapa mama, na miguu yake ikipita kwenye bati, ikitafuta mahali. Kisha akagonga paa kwa kiganja mara mbili, kumwambia dereva aende.